Injini kwa timu ndogo ya Formula 1: inunue kwa mpinzani, kwa kampuni huru, au ijitengenezee?

PistoniMwanza
Wadau, Renault imeacha kutengeneza injini za F1 mwisho wa 2025. Kwa 2026 wapo Mercedes, Ferrari, Honda, Audi, na Red Bull akishirikiana na Ford. Kila mmoja ana timu yake au timu anayoipa kipaumbele. Ikija kampuni isiyo na timu, kama Cosworth ya zamani, timu ndogo ichague nani?

Mimi ningechagua kampuni huru. Red Bull, bingwa mara nne mfululizo 2010 hadi 2013, aligombana na Renault mwaka 2015 akabisha hodi Mercedes, akakataliwa. Mwaka 2016 alirudi na injini ileile ya Renault ikiwa na jina la kampuni ya saa, TAG Heuer. Bingwa akifanyiwa hivyo, mdogo atasikilizwa na nani?

Spana14
Mkuu, McLaren kachukua ubingwa wa timu 2024 na 2025 kwa injini ya kununua Mercedes, huku Mercedes wenyewe wakiwa nyuma yake. Kanuni zinataka mteja apewe injini sawa na ya timu ya kiwanda, hata programu zake. Kwangu mjadala unaishia hapo.

Mzee wa Gereji
Hauishii hapo, kijana wangu. McLaren si timu ndogo.

Angalieni injini ya DFV. Keith Duckworth wa Cosworth aliichora, V8 (silinda nane) ya lita 3, na Juni 1967 pale Zandvoort, Uholanzi, dereva Jim Clark wa Lotus akashinda nayo katika mbio zake za kwanza. Ilifungwa nyuma ya kiti cha dereva ikabeba yenyewe uzito wa nyuma ya gari, hivyo fremu ya upande huo haikuhitajika. Kuanzia 1968 wengine wakauziwa. Mwaka 1969 na 1973 hakuna injini nyingine iliyoshinda mbio ya ubingwa! Watu wenye karakana ya kawaida waliweza kununua injini ile, wakafunga gia boksi ya Hewland, wakaenda kupambana na Ferrari. Ushindi 155 kwa jumla. Nikiwaza timu zilizozaliwa kwa sababu ya injini hiyo moja, naona mchezo huu unaidai Cosworth shukrani kubwa.

Dada Turbo
Shikamoo Mzee. Nakubali yote, ila Cosworth aliporudi 2010 aliwauzia Williams, Lotus, Virgin na HRT. Dereva Hülkenberg alipata nafasi ya kwanza ya kuanzia mbio kule Brazil akiwa na Williams, lakini zile timu tatu mpya hazikupata hata pointi moja kwa injini hiyo. Virgin ikawa Marussia, ikahamia Ferrari 2014, na mwaka huohuo dereva wao Jules Bianchi akaleta pointi Monaco.

Cosworth aliondoka mwisho wa 2013, injini za haibridi, za petroli na umeme pamoja, zilipoingia. PURE ya Craig Pollock, iliyotaka kuwa muuzaji huru wa injini hizo, ilisimama 2012 kwa kukosa fedha. Kujitengenezea ndiko kugumu zaidi: Red Bull alianzisha kiwanda chake Milton Keynes 2021, akachukua wahandisi wengi wa Mercedes, na bado akamhitaji Ford.

Mzee wa Gereji
Marahaba binti. Hata DFV ililipiwa na Ford, pauni 100,000.

PistoniMwanza
Mzee, hilo limenisogeza. Kumbe uhuru tunaoutafuta ni wa kumuuzia yeyote, hata kama fedha zinatoka kwa mwenye kiwanda cha magari. Na 2026 mlango umefunguka kidogo: kile kifaa cha kuvuna umeme kwenye turbo, kilichowatesa Honda walipoingia 2015, kimeondolewa. Mota ya umeme imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, kwa hiyo betri ndiyo itakayomtoa jasho mgeni.

Kwa leo timu ndogo ichukue Mercedes au Ferrari, kwa mkataba wa miaka mingi.

Spana14
Hapo tuko pamoja. Na General Motors je? Wameidhinishwa kuleta injini yao 2029.

Dada Turbo
Hiyo ni ya Cadillac, timu yao wenyewe, kwanza. Wakikubali kuiuzia timu nyingine kwa masharti sawa, nitakuwa upande wa PistoniMwanza.