Mwenye nyumba ameleta laki nne na karatasi ya kusaini: aliyeungua akubali au adai fidia?

Jirani, Mabatini

Wakuu, habari zenu. Naomba tulijadili hili kwa uzito kwa sababu jibu linatakiwa wiki hii.

Huku kwetu Mabatini, Mwanza, mlimani, kuna nyumba ya kupanga ya vyumba vinane, vyumba vitatu vya uani vimeteketea usiku. Umeme wote unatoka kwenye mita moja ya LUKU. Mwenye nyumba alipoongeza vile vyumba vya uani aliita kishoka, yaani fundi asiye na leseni, akavuta waya juu ya dari hadi nyuma. Soketi ya chumba cha katikati ilianza kunuka na kupiga cheche muda mrefu kabla ya moto. Wapangaji walimwambia. Mmoja bado ana meseji kwenye simu na jibu alilopewa: "Vumilieni, nikikusanya kodi mwisho wa mwezi nitaleta fundi."

Dada mmoja muuza dagaa ameungua mikono yote miwili na bega akimtoa mwanawe wa miaka minne. Mtoto ameungua nyuma ya goti. Gari la Zimamoto lilikuja, lakini anayeijua Mabatini anajua gari linaishia barabarani, huko juu ni mawe na vichochoro.

Sasa mwenye nyumba amekuja na wazee wawili, shilingi laki nne na karatasi iliyoandikwa tayari. Inasema dada amepokea fedha hiyo na "hatakuwa na madai yoyote, sasa wala baadaye, yeye wala mtoto wake". Wanataka aweke dole gumba mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maana kalamu hawezi kuishika.

Mimi nasema asiweke. Laki nne ni mkono wa pole, na pole haina masharti. Mtu akikuletea pole yenye masharti, hapo ananunua haki yako. Lakini ndugu zake wamegawanyika, wengine wanasema apokee mambo yaishe. Ninyi mnaonaje?

Mzee wa Kirumba

Mwanangu, nimekaa kwenye uongozi wa mtaa miaka mingi na moto kama huo nimeuona zaidi ya mara moja. Nakwambia apokee. Huyo mwenye nyumba naye ameunguliwa. Kesi itakwenda mwaka, itakwenda miwili, huyo dada ana kidonda na biashara imesimama, nauli ya kwenda mahakamani ataitoa wapi? Akishinda, mahakama ikiandika milioni thelathini kwa mtu ambaye hana hata milioni mbili benki, atakuwa amepata karatasi nyingine tu. Na hapo mtaani wataendelea kuishi wote. Watu hawa wanazikana.

Muuguzi, wodi ya majeruhi

Mzee wangu shikamoo. Naheshimu unayosema, ila naomba nieleze kidonda cha moto kilivyo, kwa sababu watu wanafikiri kikishakauka kimekwisha.

Ngozi iliyoungua kwa kina ikipona inajikunja. Kovu likiwa kwenye kiungo, kama nyuma ya goti, kwenye kiwiko au katikati ya vidole, linavuta kiungo hadi hakinyooki. Kwa mtu mzima linaweza kuhitaji upasuaji wa kulilegeza na mazoezi ya viungo kwa miezi mingi. Kwa mtoto ni zaidi: mfupa unakua, kovu halikui sawa nao. Mtoto wa miaka minne mwenye kovu nyuma ya goti anaweza kurudi chumba cha upasuaji zaidi ya mara moja kabla hajawa mtu mzima. Mama yake anafanya kazi ya mikono, ya kuanua dagaa, kupepeta na kufunga magunia. Vidole vikikunjika, kazi imekwenda.

Sasa niambieni, ndani ya wiki za mwanzo, nani anajua gharama yote hiyo ni kiasi gani? Mimi niliyekaa wodini sijui. Daktari hajui. Mwenye nyumba anataka dada apige bei ya kitu ambacho bado hakijaonekana. Asisaini kabla daktari hajaandika ulemavu utakaobaki.

Fundi umeme, Igoma

Mimi niongelee nyaya, maana mnajadili haki na ushahidi unazolewa na toroli.

Umeme hadi kwenye mita ni wa shirika. Kuanzia mita kuingia ndani ni wa mwenye nyumba, na ufungaji wake unatakiwa ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji. Kishoka anachofanya ni hiki: anachukua waya mwembamba wa taa, anaunganisha soketi, anafunga maungio kwa nailoni badala ya kuweka kiunganishi. Halafu breka inayokata kila mara inawaudhi wapangaji, anaweka kubwa zaidi. Hapo ameua mlinzi. Watu wanachomeka pasi na jiko la umeme, waya unachemka, breka imetulia haikati. Maungio yakilegea yanapiga cheche hadi mbao za dari zinashika.

Alama yake inabaki. Waya wa shaba uliopiga shoti unaacha kishanga kilichoyeyuka kwenye ncha. Kwa hiyo mtu asifagie pale. Piga picha, piga video tangu kwenye mita hadi kwenye soketi, breka iliyopo isomeke ukubwa wake, vipande vya waya vikabidhiwe kwa wachunguzi wa Zimamoto au polisi na waandike kwamba wamevipokea. Nimeona nyumba inapigwa rangi ndani ya siku chache, halafu mtu anaanza kuuliza moto ulianzia wapi.

Mpangaji, Igogo

Tuwe wakweli. Na sisi wapangaji tunachangia. Chumba kimoja kina friji, jiko la umeme, spika, na ekstensheni imeunganishwa kwenye ekstensheni. Wengine wanalala na jiko la mkaa ndani. Kila moto tukimrukia mwenye nyumba, tutakuwa tunajidanganya. Kumbukeni Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019: lori la mafuta limeanguka, watu wakaenda kuchota petroli, wakafa zaidi ya mia moja. Nani wa kushitakiwa pale?

Mwenye nyumba, Nyakato

Asante Igogo. Mimi nina vyumba sita, na kila mwezi nakuta soketi zimeungua kwa mizigo ambayo hatukukubaliana. Ikiwa kila ajali ni kesi, tutapandisha kodi au tutakata umeme saa nne usiku. Mtu ametoa laki nne kwa hiari, mnamfanya mkosaji.

Wakili, Ilemela

Ndugu zangu, niingie hapa.

Anayedai fidia ya uzembe lazima aonyeshe mambo manne: kwamba mwenye nyumba alikuwa na wajibu wa kuwakinga, kwamba aliuvunja, kwamba dada ameumia, na kwamba ameumia kwa sababu ya kuvunjwa wajibu huo. Kwenye kesi ya madai hakuna haja ya kuthibitisha bila shaka yoyote kama kwenye jinai. Inatosha mizani ielemee upande wako. Ile meseji ya "vumilieni" ina uzito mkubwa hapa, kwa sababu inaonyesha alijua hatari na akaiahirisha. Simu ile itunzwe, isiuzwe, na meseji zisifutwe.

Hoja ya Igogo ni ya kweli na sheria inaijua. Aliyeumia akiwa na mchango wake, fidia inapunguzwa kwa kiasi cha mchango huo, madai hayafutiki. Lakini Msamvu si mfano wa hapa. Dada huyu hakuifuata hatari, ilimkuta amelala ndani ya chumba anacholipia kodi, na alikuwa ameshaitolea taarifa.

Muda: madai ya aina hii yana ukomo wa miaka 3 tangu kuumia. Kwa mtoto, hesabu inaanza akishafikisha utu uzima, lakini msingoje huko, mashahidi wanahama na kumbukumbu zinafutika. Na hapa naomba wote msome kwa makini. Sheria inailinda haki ya mtoto kiasi kwamba hata kesi ikiwa tayari mahakamani, anayemsimamia haruhusiwi kuimaliza kwa makubaliano bila mahakama kuridhia. Sasa karatasi ya uani, yenye dole la mama aliyefungwa bandeji, inayofuta madai ya mtoto wa miaka minne? Mimi ningeipinga asubuhi na mapema. Hata kwa upande wa mama, mkataba uliopatikana kwa kumbana mtu mwenye shida unaweza kutenguliwa. Ila kutengua ni kazi na gharama. Ni afadhali asisaini.

Njia hii haipiti Baraza la Ardhi na Nyumba kama wengi wanavyodhani, wala Mahakama ya Mwanzo. Inakwenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi. Risiti zote zitunzwe, za dawa, bandeji, bodaboda ya kwenda kliniki, vitu vilivyoungua, kwa sababu hasara ya namna hiyo lazima ithibitishwe shilingi kwa shilingi. Maumivu, makovu na kazi aliyoipoteza, hayo mahakama inayapima yenyewe, na ripoti ya daktari ndiyo inayoyapa uzito. PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu, iwepo, na ripoti ya Zimamoto iombwe kwa maandishi.

Jinai ni njia nyingine. Kuacha kuchukua tahadhari juu ya moto unaoweza kudhuru watu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na mtu akitiwa hatiani mahakama inaweza kuamuru amlipe aliyeumia. Lakini hapo anayeendesha kesi ni Jamhuri, wewe ni shahidi tu. Usiitegemee peke yake.

Mzee wa Kirumba

Wakili, umesema vizuri, lakini hujanijibu. Fedha itatoka wapi?

Wakili, Ilemela

Mzee, swali lako ndilo gumu kuliko yote. Nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake sheria inaikinga, haiuzwi kulipa hukumu. Nyumba ya kupangisha haina kinga hiyo. Inaweza kukamatwa, na kodi ya vile vyumba vitano vilivyosalia inaweza kuelekezwa kwa mshindi hadi deni liishe. Kwa hiyo si mtu asiye na kitu.

Kuhusu gharama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inahusu madai pia, na wasaidizi wa kisheria wapo hadi kwenye kata. Wengi waliwafahamu kupitia kampeni ya Mama Samia.

Mfanyabiashara, Mlango Mmoja

Wakuu, na moto ukiwa wa soko? Sisi wa sokoni mwenye nyumba wetu ni halmashauri.

Wakili, Ilemela

Hapo mlima ni mrefu zaidi. Tangu marekebisho ya 2020, halmashauri inashitakiwa kwa utaratibu wa Serikali: notisi ya siku 90 kwanza, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Siungi mkono kabisa hilo la Mahakama Kuu kwa mtu aliyeungua. Fikiria mtu wa kisiwa cha Ukara avuke maji mara mbili kuja Mwanza mjini kwa kila kutajwa kwa shauri. Ulizeni pia habari ya bima, kwa sababu tangu 2022 sheria imeyaweka masoko ya umma na majengo ya biashara kwenye bima ya lazima. Na walioungua wakiwa kazini, iwe kiwandani au mgahawani, waende Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, taarifa ifike ndani ya miezi 12. Hapo huhitaji hata kuthibitisha uzembe.

Jirani, Mabatini

Nimesoma yote, na mengine nimemsomea dada mwenyewe leo jioni. Mzee, hofu yako ya uhasama mtaani naielewa, na mama yake dada anasema hivyo hivyo. Lakini uhasama haukuletwa na anayedai. Walioomba fundi waliomba kwa upole, kwa meseji, wakajibiwa wavumilie.

Wakili, nakuuliza moja: hakuna njia ya kuyamaliza kwa kukaa chini bila dada kupoteza?

Wakili, Ilemela

Ipo, na naipenda kuliko hukumu. Kesi ya madai ikifunguliwa, kabla ya kusikilizwa inapelekwa kwenye usuluhishi. Mkikubaliana pale, kwa mfano alipe kila mwezi kutoka kwenye kodi na agharamie upasuaji wa mtoto utakapohitajika, makubaliano yanaandikwa na kuwa amri ya mahakama. Asipolipa, unakwenda kukazia hukumu, huanzi upya. Wazee wa mtaa wanaweza kukaa humo humo kama watu wa kuwapatanisha.

Mwenye nyumba, Nyakato

Hiyo ya kulipa kutoka kwenye kodi mimi naiona ina haki. Angalau mtu haporomoki kwa mkupuo.

Mzee wa Kirumba

Bado nasema mahakama inachosha watu. Lakini suala la mtoto limenigusa. Waambie wale wazee wawili wanipigie, mmoja nadhani namfahamu. Karatasi ibadilishwe.

Jirani, Mabatini

Nitawaambia, mzee. Dada amekubali hivi: laki nne atapokea, kwa hati tutakayoiandika sisi, isemayo "mchango wa awali wa matibabu, madai mengine ya mama na mtoto yanabaki". Mwenye nyumba akikataa maneno hayo, arudi na fedha yake. Kesho asubuhi fundi wa Igoma akiwa na nafasi tunaomba aje apige zile picha, maana wameshaanza kushusha mchanga na saruji pale chini.

Fundi umeme, Igoma

Nakuja saa moja. Waambieni wasiguse mita wala dari.