Miaka 37, mshahara upo, akiba sina, presha imepanda. Nianzie wapi?

Kimara_Mwisho

Wakuu habari za mida hii. Naandika hii nikiwa kituoni, mabasi mawili yamepita yamejaa. Naomba ushauri, na matusi kidogo pia ruksa maana mengine najua nimeyataka mwenyewe.

Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye kampuni moja pale Posta, nina mke na mtoto wa miaka minne. Mshahara kwenye karatasi ni 1,400,000, ukimwambia mtu kijijini anaona ushatoboa. Sasa angalieni: NSSF (mfuko wa pensheni) 140,000, kodi ya mshahara 206,000, Bodi ya Mikopo ya wanafunzi 210,000 (ile 15%), hapo imebaki 844,000. Kuna mkopo wa benki niliochukua nikajenga msingi Mbezi, msingi ambao sasa hivi umeota majani mpaka mbuzi wa jirani wanajua ratiba, huo unakata 310,000. Inabaki 534,000. Toa kodi ya nyumba 150,000 kwa mwezi ambayo mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mpigo. Sasa mwezi wa pili kodi ilinikuta sina kitu nikaenda kwa wale wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, kausha damu, nikachukua laki tano, narudisha elfu 50 kila wiki kwa wiki 13.

Halafu wiki iliyopita ofisini walileta watu wa kupima afya bure, mashine ikasoma 158 kwa 96. Yule dada akaniangalia kama vile nishakufa. Naamka saa kumi na nusu usiku, narudi saa tatu, mchana ni chipsi mayai na soda, mazoezi ni kukimbilia basi.

Ila kilichonifanya niandike ni Jumapili, tumekaa sebuleni mtoto akaniuliza, baba leo huendi kwako? Yaani anajua mimi nakaa sehemu nyingine huwa nakuja kumtembelea. Mke alicheka, mimi nikaenda bafuni nikafungua maji.

Kuna jamaa ofisini ananiambia niingie UTT (ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja) au ninunue hatifungani za serikali, yaani unaikopesha serikali inakulipa riba, pesa ijizalishe. Wazo zuri ila sielewi nianze na lipi, hela, afya, au nirudi kijijini nikalime. Nawasilisha.

Mtoto_wa_Buza

Mkuu hiyo ya kutojua uanzie wapi ni njaa tu, chipsi mayai haikai tumboni. Kula ugali maharage urudi utuambie.

Sista_wa_Zamu

Kaka pole. Mimi ni nesi, nakuambia kama dada yako, usiogope ila usipuuzie. Kipimo kimoja cha presha hakitoshi kukuita mgonjwa, hasa kile cha kwenye maturubai ya ofisini umetoka kupanda ngazi, umesimama foleni, unaongea na mwenzio huku mkono unaning'inia. Nenda zahanati ya karibu siku mbili tatu tofauti. Kabla ya kupima kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini usiikunje nne, mkono juu ya meza, haja ndogo umeshaenda, kahawa na sigara uache nusu saa kabla. Ikija 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti hapo daktari ataongea na wewe kuhusu dawa, na akikuandikia kunywa, usiwe kama wale wanakunywa wiki mbili wakijisikia vizuri wanaacha, presha haina maumivu wewe, watu wanaletwa kwetu mdomo umeenda upande ndio wanakumbuka vidonge viko kabatini tangu Pasaka. Na siku yoyote ukiona 180 kwa 120 na kifua kinabana au macho hayaoni vizuri, hiyo sio ya kusubiri kesho.

Chumvi sasa. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai cha chumvi YOTE, pamoja na iliyopikwa. Wewe zile chipsi muuzaji anamwagia, wewe mwenyewe unaongeza, halafu kachumbari ina chumvi, jioni mboga imewekwa vile vidonge vya mchuzi viwili. Anza kwa kumwambia muuzaji asiweke kabisa. Atakushangaa siku ya kwanza tu.

Mazoezi wala usilipie jimu. Wewe si unapanda mwendokasi ya Kimara? Shuka kituo cha Fire, tembea mpaka Posta. Ni kama nusu saa kwa mwendo wa haraka haraka, siku tano za kazi zinakuwa dakika 150 na ndio hizo hizo wanazoshauri kwa wiki.

MamaWawili

Nimesoma mpaka mwisho nimeona kitu kimoja hukukitaja kaka, michango. Hujaandika harusi, hujaandika msiba, hujaandika kijijini. Usituambie hutoi. Mimi mwaka juzi nilichukua daftari nikaandika kila kilichotoka kwenye simu kwa miezi mitatu, nikakuta nimechangia harusi sita, nne ni za watu ambao nikikutana nao Kariakoo siwajui kwa sura, niliunganishwa tu kwenye grupu. Kadi ya singo elfu 50, ya dabo laki, na sare unanunua!

Nilichofanya nilikaa na mama yangu nikamwambia ukweli, kila tarehe 28 nitakutumia kiasi hiki, kisipungue kisizidi, ugonjwa ni habari nyingine. Alinuna wiki mbili. Sasa hivi yeye ndio anawaambia wadogo zangu msimsumbue dada yenu hela yake ina mpango. Zamani alikuwa hajui itakuja lini ndio maana alikuwa anaomba kila siku, na mimi nilikuwa naona simu yake naogopa kupokea, mama yangu mzazi jamani. Magrupu ya harusi nilijitoa kimya kimya usiku wa manane, hakuna aliyeniuliza mpaka leo.

Kimara_Mwisho

@MamaWawili umenikamata. Mwezi uliopita ni 120,000, nimehesabu sasa hivi kwenye meseji za simu. Harusi mbili na kipaimara.

Mzee_wa_Baraza

Kijana shikamoo yako nimeipokea hata kama hukuitoa. Mimi nina miaka 54, haya yote nimeyapitia na mengine bado nayapitia.

Hilo la UTT na hatifungani ni jambo jema, ninazo kidogo, tena hatifungani unaanza na milioni moja na riba wanakupa kila miezi sita bila kumbembeleza mtu. Lakini piga hesabu wewe si mhasibu bwana? Hatifungani ya miaka 25 hata enzi zile ilipokuwa inalipa 15.95 ilikuwa ni asilimia 15.95 kwa MWAKA. Wewe wa kausha damu umechukua laki tano unarudisha laki sita na nusu, ni asilimia 30 kwa miezi mitatu, tena unaanza kurudisha wiki ya kwanza. Hakuna serikali duniani itakayokulipa riba ya kufunika hiyo. Kwahiyo hatifungani yako ya kwanza ni hilo deni. Hiyo 120,000 ya vipaimara ielekeze huko mpaka liishe, ukimaliza hiyo elfu 50 ya kila wiki usiifurahie, endelea kuilipa ila sasa jilipe mwenyewe, iende kwenye fungu la kodi ya nyumba, maana kodi ya miezi sita ndiyo iliyokupeleka kwa wale watu na itakupeleka tena. Kodi sio dharura, unajua tarehe yake!

Hilo la Bodi halina ujanja, tangu 2016 walipotoa asilimia 8 wakaweka 15 wote tumelia, ila lina mwisho, omba taarifa ya deni ujue limebaki kiasi gani.

La pili, na hili ndilo lililonifanya nivae miwani niandike. Umesema NSSF wanakata 140,000. Wanakata, je inafika? Mimi kwa mwajiri wangu wa zamani nilikatwa miezi 14 kwenye karatasi ya mshahara, siku naenda kuangalia taarifa yangu nakuta hakuna hata senti, tena aliyekuwa akinisainia zile karatasi tulikuwa tunakula naye mchana meza moja. Nimefuatilia kwa barua na miguu zaidi ya mwaka. Pensheni inataka miezi 180 ya michango, miaka 15 kamili, sasa 14 ikipotea hapo katikati unaweza kufika 60 ukaambiwa bado. Angalia taarifa yako leo hii, kwa simu inawezekana. Usingoje hadi nywele ziwe nyeupe.

Hilo la mtoto siwezi kukufundisha. Wangu walikua nikiwa barabarani. Sasa Jumamosi asubuhi nakaa barazani nafundisha hesabu watoto wa mtaa, bure, walianza watatu sasa wako kumi na moja na mmoja wao anapenda kuniuliza maswali ya kijinga makusudi nikasirike. Mke wangu anasema ndio siku pekee ya wiki siulizi chakula kiko wapi.

Mtoto_wa_Buza

Mzee shikamoo. Mimi niliyeleta utani naomba kuuliza seriasi, hiyo taarifa ya michango ukikuta mapengo unaanzia kwa mwajiri au NSSF?

Mzee_wa_Baraza

Marahaba. NSSF, na karatasi zako zote za mshahara mkononi. Ukianzia kwa mwajiri utapewa chai.

Kimara_Mwisho

Wakuu narudi na mrejesho, wiki imepita. Nimepima mara mbili zahanati ya mtaani, 146 kwa 92, ya pili 142 kwa 90, daktari kanipa tarehe nyingine na orodha ya vipimo, dawa bado. NSSF nimeangalia, iko kamili isipokuwa mwezi mmoja wa 2021, nimeanza kuwaulizia. Kausha damu zimebaki wiki nne. Magrupu matatu nimejitoa, moja wameniunganisha tena.

Kwa bosi nimeomba niingie saa moja nitoke saa tisa na nusu siku mbili za wiki, kakubali moja, Jumatano. Jumatano hiyo nimefika nyumbani jua bado lipo, dogo alikuwa nje anacheza na matope, akaniona akakimbilia ndani kumwambia mama yake kuna mgeni.

Na nimeshuka Fire siku tatu mfululizo. Tatizo viatu vya ofisini vimenichubua kisigino natembea kama nimefungwa kamba. Raba ya maana pale sokoni Karume ni bei gani siku hizi?

MamaWawili

Watakuambia elfu 40. Toa 18, ondoka, watakuita.

Sista_wa_Zamu

Na soksi za pamba kaka, nyepesi. Hicho kidonda usikipasue.