Hospitali ikipata mwenye mpya, mali ya wakfu ni ya madaktari au ya mtaa?

Mleta mada

Wakuu, mwaka 2011 wakfu uitwao Osteopathic Heritage Foundation, wa Columbus, Ohio, Marekani, ulitangaza kukipa Chuo Kikuu cha Ohio dola milioni 105. Chuo chake cha udaktari kikabadilishwa jina kikawa Heritage College of Osteopathic Medicine. Ninachouliza: zilistahili kwenda huko?

Wakfu huu haukuanzishwa na tajiri aliyekufa akaacha wosia. Umetokana na Doctors Hospital, hospitali isiyo ya faida iliyoanza mwaka 1940 chini ya madaktari wa osteopathia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 hospitali iliingia chini ya OhioHealth, mtandao mkubwa wa hospitali, na wakfu ukabaki na mtaji wa kutoa misaada.

Kwa wasioijua osteopathia: Andrew Taylor Still, tabibu wa karne ya 19, alifiwa na watoto watatu kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1864. Akakata tamaa na dawa za wakati ule (na kusema kweli nyingi zilikuwa sumu, zebaki ikiwemo). Mwaka 1892 akafungua shule Kirksville, Missouri, akifundisha kutibu kwa kuunyoosha mwili kwa mikono. Leo D.O. wa Marekani (mwenye shahada ya udaktari wa osteopathia) ni daktari kamili, anaandika dawa na kupasua sawa na M.D. (mwenye shahada ya udaktari wa kawaida). Msimchanganye na mwenzake wa Uingereza, ambaye si daktari.

Msimamo wangu: pesa ile ilipaswa kuwahudumia kwanza watu wa mitaa iliyozunguka hospitali. Madaktari walianzisha, sawa. Lakini mtaji ulikuzwa na malipo ya wagonjwa na misamaha ya kodi ya miaka zaidi ya hamsini.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umeruka sehemu inayouma. Kwa nini walijenga hospitali yao? Kwa sababu za wengine ziliwafungia mlango. Chama cha Madaktari cha Marekani kilihesabu kuwa ni kosa la kimaadili M.D. kushirikiana nao. Jeshi halikuwapokea kama madaktari hadi 1966, na jimbo la mwisho kuwapa leseni kamili, Mississippi, lilisubiri hadi 1973.

Halafu tazama California. Mwaka 1962 D.O. kama 2,000 walipewa shahada ya M.D. kwa ada ya dola 65, chuo chao cha osteopathia kikageuzwa cha M.D. (ndicho kilichozaa chuo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha California, Irvine), na wapiga kura wakafunga leseni mpya za D.O. Ilibidi Mahakama ya Juu ya jimbo iingilie kati mwaka 1974. Taaluma iliyoponea hapo ikiweka pesa kwenye chuo chake, wewe unailaumu?

Mchangiaji wa pili

Huku Pwani mtu akiliweka wakfu shamba la minazi kwa ajili ya msikiti, kadhi anauliza kwanza sharti la mwenye kuweka. Hapa mwenye kuweka ni nani? Hayupo mmoja. Ndiyo maana sheria za Marekani zinataka mali ya hisani ibaki kwenye lengo la awali au lililo karibu nalo. Na Doctors Hospital haikuwa ya kutibu tu, ilikuwa pia hospitali kubwa ya kufundishia D.O. wapya. Kwa hiyo chuo hakiko nje ya lengo. Ninachoona kigumu ni mizani: kati ya malengo mawili, lipi lipewe fungu kubwa zaidi?

Mchangiaji wa tatu

Daktari haokotwi. Bunge la Ohio lilianzisha chuo hicho mwaka 1975 kwa sababu madaktari wa familia walikuwa haba, hasa kusini mashariki kwenye milima ya Appalachia. Zahanati ya mtaa bila daktari ni jengo lenye rangi.

Mleta mada

Hoja ya California naipokea, ni nzito. Ila ndugu wa Appalachia, sehemu ya zile milioni 105 ilikwenda kufungua kampasi Dublin, iliyoanza kupokea wanafunzi mwaka 2014. Dublin ni kitongoji cha wenye nazo, nje kidogo ya Columbus! Nyingine zikaenda kwenye utafiti wa kisukari na wa misuli na mifupa. Kisukari hakika kinawasumbua watu wa milimani, sibishi. Lakini mgonjwa anaanza lini kuiona faida ya maabara?

Mchangiaji wa kwanza

Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anahitaji wodi zenye wagonjwa, na wodi ziko mjini. Anasomea pale, anakwenda kufanya kazi kwingine. Zaidi ya nusu ya D.O. wa Marekani wako kwenye huduma za msingi, ambazo vijiji vinazikosa.

Mleta mada

"Anakwenda kwingine" hilo ndilo nataka kuliona kwenye mkataba. Wakfu ukitoa fedha kiasi hicho, uweke sharti: wahitimu wangapi wabaki Ohio, wangapi waende kaunti zenye uhaba, na wasipofika kiwango, awamu inayofuata ya malipo iende moja kwa moja kwenye kliniki za mitaa. Nani anapinga hilo, na kwa sababu gani?