Programu mbili huria za kuskani nyaraka, msimbo mmoja: ninakili au tutoe maktaba?

mkunde_dev
Wakuu, naomba mwongozo. Natunza programu ndogo ya kuskani nyaraka kwenye Linux (Python na GTK, leseni ya MIT). Kuna nyingine huria ya C++, leseni yake GPL toleo la 3, ina msimbo mzuri wa kunyoosha ukurasa ulioinama na kukata kingo nyeusi. Watunzaji wake wako tayari kushirikiana. Ninakili faili zao, niziweke kama submoduli ya Git (ripozitori yao ndani ya yangu), au tutoe maktaba moja tuitumie wote? Na sehemu ya kuongea na skana nayo tuiunganishe?

BabaKerneli
Leseni kwanza, Git baadaye. Msimbo wa MIT unaingia kwenye mradi wa GPL bila tatizo. Ukichukua wa kwao, programu yako nzima itabidi isambazwe kwa masharti ya GPL 3. Submoduli haikuokoi, maana hakuna anayejali faili imekaa folda gani.

Mkitaka maktaba ya LGPL (leseni inayoruhusu hata programu zisizo za GPL kuitumia maktaba), anayepaswa kukubali ni kila aliyeandika mistari ile, si mtunzaji peke yake. Endesha `git shortlog -sne HEAD -- src/picha` upate majina kabla hamjaahidiana kitu. Asiyepatikana, kipande chake kinaandikwa upya.

Upande wa skana uacheni. SANE, mfumo wa kawaida wa kuongea na skana kwenye Linux, tayari ni ya wote. Ukitaka tabaka juu yake, ipo Libinsane, iliyotokana na mradi wa Paperwork: inashughulikia SANE, na kwa Windows WIA na TWAIN, na Python inaifikia kwa GObject Introspection, daraja la kuita maktaba za C.

Kuhusu mpaka wa maktaba, tazama KDE, mradi wa mazingira ya eneo-kazi ya Linux. Maktaba yao ya libksane ilibeba dirisha na mawasiliano ya skana kwa pamoja. Sehemu isiyo na dirisha ikatolewa ikawa KSaneCore, ambayo Skanpage, programu yao ya kuskani yenye sura ya QML (lugha ya kuunda madirisha), inaitumia. Nanyi kateni hapohapo. Chochote kinachogusa kitufe, tafsiri au mipangilio ya mtumiaji kibaki kwenye programu. Maktaba ipokee bafa (pikseli ghafi kwenye kumbukumbu), upana, kimo, baiti kwa mstari na dpi (nukta kwa inchi). Irudishe pembe na mstatili. Basi.

pikseli_mbovu
Hapo kwenye baiti kwa mstari ndipo wengi wanapoumia. Kwa picha ya rangi, SANE inaruhusu `bytes_per_line` iwe kubwa kuliko upana × 3, kwa sababu ya baiti za kujazia. Ukipiga hesabu mwenyewe, kila mstari unasogea kidogo na ukurasa unatoka mshazari. Halafu utalaumu msimbo wa kunyoosha bure. `lines` (idadi ya mistari) nayo inaweza kuwa -1, yaani haijulikani, kwa hiyo usitenge kumbukumbu kwa kuitegemea. A4 ya rangi kwa dpi 300 ni pikseli 2480 × 3508, karibu MB 26, hivyo ipe maktaba `memoryview` ya Python (dirisha la kuitazama bafa ileile) badala ya kunakili bafa kila hatua.

Ila kabla ya kutoa maktaba, jaribu Leptonica kwanza, maktaba ya C ya kuchakata picha. Leseni yake ni ya BSD, na `pixDeskew`, kitendakazi chake cha kunyoosha, huenda ikakutosha. Kwa kawaida hutafuta pembe hadi digrii 7 kila upande. Isipopata pembe ya kuaminika inakurudishia picha ileile, kimya. Mambo mawili yatakusumbua:

Picha ya rangi huhifadhiwa kwa maneno ya biti 32. Kwenye Intel, ukiangalia kumbukumbu, baiti ziko kinyumenyume: A, B, G, R. Ukimwaga RGB moja kwa moja, rangi zinavurugika. Jaza kila pikseli ifike baiti nne, kisha tumia `pixEndianByteSwap` kugeuza mpangilio wa baiti.

Pili, bafa haibebi dpi. Usipoita `pixSetResolution`, Tesseract, programu ya kusoma maandishi kwenye picha, itaona 0, itoe onyo na kutumia 70. Ukikuta usomaji wa maandishi ni mbovu kwenye skani iliyo safi, anza kuangalia hapo.

mkunde_dev
Shukrani wakuu. Je, nikiiita programu yao kama amri ya pembeni, nibaki na MIT yangu?

BabaKerneli
Njia hiyo inatumika sana. OCRmyPDF, inayoongeza maandishi kwenye PDF zilizoskaniwa, ni ya leseni ya MPL 2.0 na inaiita unpaper, programu ya kusafisha skani ya GPL, kama amri. Ikiwa picha inaingia na picha inatoka, hizo ni programu mbili. Mkianza kupitishiana miundo ya data ya ndani, hoja hiyo inalegea.

Tumia `communicate()` ya moduli ya `subprocess` ya Python. Ukisukuma MB 26 kwa `stdin.write` huku mwenzako naye anaandika matokeo, mabomba yote mawili yanajaa na kila mmoja anamsubiri mwenzake milele. Ukipitisha PNM, umbizo sahili la picha, kumbuka haina nafasi ya dpi. Ipeleke kama kigezo cha amri.

pikseli_mbovu
Mkiamua maktaba, `git subtree split --prefix=src/picha -b picha` kwenye ripozitori yao inatoa folda hiyo pamoja na historia yake, majina ya waandishi yakiwemo. Wekeni pia picha za majaribio za pamoja: ukurasa mtupu, jedwali, risiti nyembamba, ukurasa wenye picha tupu. Mlinganishe pembe kwa kuvumiliana digrii 0.1, msilinganishe baiti kwa baiti. Ukurasa mtupu ndio utakaowaonyesha kama msimbo unabuni pembe isiyokuwepo.