Ruta ya poti moja: laptopu inachukua anwani ya modemu, VLAN 20 imerukwa

Himbi_Goma
Wakubwa, salamu. Nina kompyuta ndogo ya volti 12, poti moja tu ya mtandao, Debian. Naigeuza ruta ya nyumba kwa swichi ya poti 5 inayojua VLAN (mitandao kadhaa iliyotenganishwa kwenye vifaa na waya zile zile). Poti 1 ni ruta, poti 5 modemu, 2 hadi 4 za nyumbani. VLAN 10 ya modemu, 20 ya nyumba.

`ip link add link enp1s0 name enp1s0.10 type vlan id 10`
`ip link add link enp1s0 name enp1s0.20 type vlan id 20`

Zote ziko `up`, na poti 1 ina lebo (namba ya VLAN inayobandikwa kwenye data) kwa zote mbili. Lakini laptopu ya poti 3 inapewa 192.168.1.34 na modemu, badala ya 192.168.20.x ya dnsmasq, programu inayogawa anwani kwenye ruta. Kosa liko wapi?

Kadutu_Net
Amri ni sawa. Tazama PVID za swichi, bila shaka zote bado ni 1. Orodha ya VLAN inaamua fremu (kifurushi cha data) itokee poti gani, na itoke na lebo au bila lebo. PVID inaamua fremu iliyo*ingia* bila lebo ihesabiwe ya VLAN ipi. Laptopu haiweki lebo, basi ombi lake la DHCP (la kupewa anwani) linaangukia VLAN 1, na modemu nayo imo humo humo. Wameonana wenyewe, ruta haikuulizwa.

PVID 20 kwa poti 2, 3 na 4. PVID 10 kwa poti 5. Ndipo uzitoe hizo nne VLAN 1. Poti 1 iache VLAN 1 bila lebo, ili ukurasa wa swichi uufikie toka kwenye ruta, vinginevyo utajifungia nje.

Katuba_243
Kisha hakikisha, usikisie. Kwenye ruta, tazama pakiti zinazopita:

`tcpdump -e -n -i enp1s0 vlan`

Chomoa waya wa laptopu, rudisha. Lazima uone `vlan 20` kwenye ombi la DHCP. Sikiliza enp1s0 yenyewe, kwenye enp1s0.20 lebo imeshavuliwa, hutaiona.

Himbi_Goma
Ilikuwa PVID, aksanti sana. Sasa napata 192.168.20.57. Ruta inaping 8.8.8.8, laptopu haifiki.

Katuba_243
Hiyo si VLAN tena. Ruta haijaruhusiwa kupitisha, na modemu haijui njia ya kurudi 192.168.20.0/24 (anwani za nyumba), basi zifiche nyuma ya anwani ya ruta:

`sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1`
`nft add table ip nat`
`nft 'add chain ip nat toka { type nat hook postrouting priority 100 ; }'`
`nft add rule ip nat toka oifname "enp1s0.10" masquerade`

Kasi: kila pakiti inapita waya wa poti 1 mara mbili, kuingia na kutoka. Kwa poti ya gigabiti 1, kushusha na kupandisha kwa pamoja havizidi gigabiti 1. Kwa laini ya nyumbani hutausikia.

Kadutu_Net
Na umeme usije ukakukatikia kabla hujahifadhi. Amri zote hizo zinafutika ruta ikizimika: VLAN ziandike `/etc/network/interfaces`, sheria `/etc/nftables.conf` (na uiwashe: `systemctl enable nftables`), ip_forward kwenye faili ndani ya `/etc/sysctl.d/`. Swichi nayo, nyingi za bei ndogo zina kitufe cha kuhifadhi kilicho mbali na ukurasa wa VLAN. Usipokibonyeza, PVID zinarudi 1 na laptopu inarudi kwa modemu.