Mzee mvuta sigara kwenye meli ya kitalii, ataweza?

Mwana_Shangani: Wadau, dada yuko Uingereza, kamkatia baba tiketi ya meli ya kitalii. Mzee hapa Mtwara huwasha ya kwanza kabla ya chai. Nasikia hata roshani ya chumba siku hizi hairuhusiwi?

Baharia_Mikindani: Kweli, kaka. Nilikuwa mhudumu wa vyumba huko. Kampuni nyingi zimepiga marufuku chumbani na roshani. Ni kona maalumu tu, sitaha ya wazi. Ukikamatwa, faini inaingia kwenye bili yako. Na asitupe kipisi baharini, upepo hukirudisha roshani za chini! Mwaka 2006 Star Princess iliungua ikielekea Jamaika, abiria mmoja akafa. Kilichoshukiwa ni kipisi. Wavutaji hununa, eti roshani wameilipia. Mimi niko na majirani zao: moshi ukishashika mapazia hautoki, na mwenye kuhangaika nayo nilikuwa mimi.

BintiLindi: Shikamoo ya mzee, mwambieni abebe ugoro, hauna moshi 😂

Mwana_Shangani: Kacheka. Anauliza, hiyo kona ina viti?

Baharia_Mikindani: Vipo. Na soga za melini zote ziko hapo.