Hivi kila mtu ana cha kumfundisha mwenzake?

Wakuu habari zenu. Maisha hayatabiriki, leo una kazi na afya kesho huna, sasa mtu asiyeijua kesho yake atamfundisha nini mwenzake?

Jibu: Mengi sana mkuu. Louis Braille alipofuka utotoni kwa ajali kwenye karakana ya baba yake, halafu mwaka 1824 akiwa na miaka 15 tu akabuni maandishi ya nukta ambayo vipofu wanayasoma kwa vidole mpaka leo.

Jibu: Na si lazima uwe maarufu. Mtoto wa dadangu asipoelewa kitu anasema "sijaelewa, rudia" bila aibu yoyote, wakati sisi watu wazima tunaitikia tu kwa kichwa. Huyo kwangu ni mwalimu kabisa.

Muulizaji: Hiyo ya mtoto imenigusa, asanteni jamani.